Jina, pindo, mji: njia yangu ya kudizaini nilifundishwa na bibi mmoja wa Mbagala

Haya ni maneno niliyoongea na vijana wanaoanza kazi ya dizaini hapa Dar. Wengi mliomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu vilevile nilivyoyasema.

Shikamooni wakubwa zangu mliokuja, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Asanteni kwa kuja na jua lote hili. Leo sijaja na laptopu wala slaidi, nimekuja na kanga moja tu, na naomba izunguke, dada hapo mbele anza nayo, ikunjue, ishike, isome, ukimaliza mpe wa pembeni yako. Itembee mpaka inirudie huku.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, dada unatoaga wapi aidia. Zamani nilikuwa najibu zinakuja tu zenyewe, na nilikuwa naamini kabisa ninachosema. Ila ukweli kuna siku zilikuja na kuna siku hazikuja, na zile siku ambazo hazikuja nilikuwa nakaa kwenye kompyuta toka saa mbili usiku mpaka nasikia adhana ya alfajiri, nimebadilisha fonti sijui mara ngapi, nimezungusha rangi zote, na saa tatu asubuhi mteja anapiga simu anataka kazi yake. Nimeishi hivo miaka karibu sita. Nilikuwa napata kazi na watu walikuwa wananisifia lakini mwilini nilikuwa nachakaa, maana kila kazi mpya naianza kwa hofu ileile, kama sijawahi kufanya kazi nyingine yoyote kabla yake.

Kilichonibadilisha ni kazi ya kanga. Nitawasimulia yote kama ilivyokuwa pamoja na makosa yangu, kwa sababu njia ninayofanyia kazi mpaka leo imetoka palepale.

Mwaka 2016 akina mama wa kikoba kimoja cha Mbagala waliniita. Walikuwa wanatimiza miaka kumi, na yule mama aliyekianzisha alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, wakataka kanga ya kumkumbuka, wavae wote siku ya sherehe. Mama mwenyekiti akanipa picha ya marehemu, akaniambia dizaini mwanangu, tunakuamini. Mi nikarudi nyumbani nikafungua kompyuta siku hiyohiyo. Ndo ilikuwa tabia yangu, kazi ikija nafungua kompyuta, nilikuwa naona bila kompyuta kuwashwa kazi bado haijaanza.

Nikafanya siku tatu. Nikaweka sura ya marehemu katikati, kubwa, nzuri, nimeisafisha, nimeizungushia miale ya jua inayotoka njano ikaingia machungwa ikaishia nyekundu, pembeni nikaweka maua, na maneno nikayazungusha kwenye picha kama muhuri, PAMOJA KWA MAENDELEO YETU. Kwenye skrini ilikuwa inapendeza sana. Nikaituma WhatsApp, mama mwenyekiti akasema kwenye simu haoni vizuri, basi nikaiprinti kwa ukubwa wake. Kanga ni kama sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo ni karatasi 16 za A3, nne kwa nne, nikaziunga kwa selotepu nikapanda nazo daladala nimezikunja kama mkeka.

Tulikutana chini ya mwembe, nyumbani kwa marehemu, ndo hapo kikoba chao kinapokutana kila Jumamosi. Nikalitandika lile likaratasi kwenye jamvi. Wakasifu, eeh nzuri, jamani si yeye huyu, mmoja akafuta machozi. Kulikuwa na bibi mmoja amekaa pembeni kwenye kigoda, hajasema neno muda wote. Akanyanyuka, akalichukua likaratasi, akajifunga kiunoni, juu ya kanga yake. Karatasi zikalia krakra, selotepu moja ikabanduka, akaishika kwa kidole, halafu akatupa mgongo ili tuone.

Nyie mnaovaa kanga mshajua kilichotokea. Kanga ukijifunga kiunoni ncha mbili zinakuja mbele, ile katikati yote inaenda nyuma. Sura ya marehemu ilikuwa imekaa makalioni kwa bibi. Na yale maneno niliyoyazungusha kama muhuri yalikuwa yameingia kwenye mkunjo, kipande huku kipande kule, huwezi kusoma hata herufi tano zikafuatana. Pakawa kimya. Bibi akageuka akaniangalia, hana hasira hata kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, rafiki yangu huyu nimkalie?"

Nataka mnielewe hapa, kanga zenye sura za watu zipo nyingi na zinavaliwa, viongozi wamewekwa kwenye kanga toka zamani, hilo si kosa. Ila huyu hakuwa kiongozi wa kwenye gazeti, alikuwa mwenzao, wamekula naye, wamezikana naye. Na mi hilo sikuliuliza. Sikuuliza chochote. Nilipewa picha nikaenda kuipamba.

Kama hiyo haitoshi, nilikuwa nimeshampitishia fundi wa kuchapa nae akaniuliza dada hii ina rangi ngapi, nikamwambia sijahesabu. Akahesabu yeye zikafika saba, na ile miale inayoyeyuka toka rangi moja kwenda nyingine akasema kwa bei ya akina mama hawa haiwezekani, kila rangi inataka skrini yake, yani ule wavu wa kuchapia, na kila skrini ina gharama yake. Kwa hiyo hata kama bibi angenyamaza, ile kazi isingechapika.

Basi nikavua viatu nikakaa kwenye jamvi. Nilitaka kuondoka, nasema ukweli, lakini bibi akanivutia sahani ya maembe akaniambia kula kwanza. Nikiwa nakula nikamuuliza, bibi, huyu rafiki yako alikuwa mtu wa namna gani? Hilo ndo lilikuwa swali la kwanza la maana nililouliza kwenye kazi yote ile. Bibi akaongea kama nusu saa. Akaniambia walivyoanza na kopo la siagi wanatia mia mbili mia mbili, akaniambia alivyokuwa mkali kwenye hesabu, shilingi hamsini ikipungua mkutano hauishi, na akanyoosha mkono juu akasema, "Na huu mwembe kaupanda mwenyewe, tukamcheka, tukamwambia mama nani huo utakuja kuula lini. Leo yeye hayupo, sisi ndo tumekaa kivulini."

Nikaandika kwenye nyuma ya lile likaratasi langu. Kanga iliyotoka ni hiyo inayozunguka hapo sasa hivi, msomee mwenzio jina lake: ALIYEPANDA HAYUPO KIVULI CHAKE KIPO. Rangi mbili tu, kijani na machungwa, juu ya nyeupe. Sura haimo. Katikati kuna majani na maembe, pembeni korosho za kawaida. Akina mama walipoiona hakuna aliyeuliza marehemu yuko wapi.

Sasa nisikilizeni vizuri maana hapa ndo kiini. Niliporudi nyumbani nilijiuliza kwa nini ya pili ilikuja haraka vile, nusu siku tu, wakati ya kwanza ilinila siku tatu ikatoka mbovu. Na jibu nikaliona kwenye kanga yenyewe. Kanga ina vitu vitatu, kila mtu aliyekulia pwani anavijua: pindo inayozunguka pande zote nne, mji ambao ndo katikati, na jina, yale maneno. Mara ya kwanza nilianza na mji, nikaenda kwenye pindo, jina nikalichomeka mwisho kwa kuwa lilitakiwa kuwepo. Mara ya pili jina lilitangulia, mipaka nikaijua, mji ukaja wenyewe. Toka siku ile ndo mpangilio wangu wa kazi zote, iwe logo, iwe lebo ya asali, iwe bango la zahanati. Jina, pindo, mji. Halafu navaa, hilo la kuvaa nitalifikia.

Jina kwangu ni sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida inayosema kazi hii inamwambia nani nini. Mpaka niipate sifungui kompyuta. Na siitungi chumbani, naitafuta kwa watu. Naenda, nakaa, nauliza, naomba ruhusa nirekodi kwa simu, halafu nikirudi nasikiliza tena naandika yale maneno waliyoyasema wao, si yale ninayoyajua mimi. Mteja akikwambia nataka logo ya kisasa hajakwambia kitu, kila mtu anataka ya kisasa. Muulize mteja wako wa mwisho alinunua nini, alisema nini alipokuwa anaondoka, kuna nini watu wanakosea kuhusu biashara yako. Kuna mama mmoja anauza asali, tuliongea saa nzima hajasema la maana, nimeshasimama naaga ndo akasema tatizo watu wakiiona imeganda wanadhani nimetia sukari. Hapo nikakaa tena. Lebo yote ikajengwa juu ya hilo, ASALI HALISI HUGANDA, na chini namna ya kuilainisha kwa kuweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu. Na ni kweli, asali nyingi halisi huganda ikikaa, haijaharibika.

Maneno kwenye kanga nayo hayakuwepo toka mwanzo. Inasimuliwa kwamba mwisho wa karne ya 19 kule Zanzibar na pwani hii wanawake walikuwa wananunua leso za kuchapwa zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora, wanakata mbilimbili au tatutatu wanaziunga zinakuwa sita, nguo moja. Neno lenyewe leso ni la Kireno na Mombasa mpaka leo kanga wanaiita leso. Yani dizaini ya kwanza ya kanga haikutoka kwa mfanyabiashara, ilitoka kwa mvaaji mwenyewe na mkasi wake, wafanyabiashara wakaona wakafuata. Baadaye mwanzoni mwa karne ya 20 ndo yakaja maneno, na anayetajwa sana kwa hilo ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, wengi walimjua kwa jina la Abdulla, ndo zile kanga zimeandikwa K.H.E. Mali ya Abdulla. Mwanzo majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi hizi tunazotumia zikaja baadaye. Nawaambia haya kwa sababu vijana wengi tunafikiri dizaini ni kitu kimekuja na kompyuta, tunatafuta walimu mbali, na hapa Mtaa wa Uhuru kuna maduka yamepanga kanga toka chini mpaka dari. Nenda pale uzisome tu kama saa moja hivi, uone namna mtu amepanga maneno manne matano kwa herufi kubwa, mstari mmoja, na yanamfikia mtu aliye upande wa pili wa barabara.

Nikija kwenye pindo, hii ndo sehemu ambayo wengi hatuipendi. Mipaka. Hela ni ngapi, inachapwa wapi, rangi ngapi, ukubwa gani, lini inatakiwa, na nani mwenye neno la mwisho. Hili la mwisho uliza mapema jamani, uliza siku ya kwanza kabisa, utafanya kazi na afisa miezi miwili mnakubaliana kila kitu halafu anatokea bosi ambaye hujawahi kumuona anasema sipendi kijani. Ilinitokea, ofisi siitaji, ila nilipoteza kazi ya wiki saba.

Mi nilikuwa naona mipaka inanibana, saivi naona ndo inanishika nisianguke. Mwangalieni Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, hana turubai, hana rangi za wasanii, anatumia hadibodi na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli. Shiti ya hadibodi ya futi 4 kwa 8 ukiikata futi mbilimbili unapata vipande vinane hakuna kinachobaki, na picha nyingi za awali za Tingatinga ni za mraba, karibu ukubwa huohuo, sentimita sitini na kitu kila upande. Rangi ile inang'aa na inakaa vizuri ikiwa imejaa, bapa, kwa hiyo chui wake yuko wazi, ndege wake yuko wazi, mnyama mmoja anajaza ubao mzima. Alifariki 1972, alichora miaka michache tu, lakini ile namna yake wakaishika ndugu na wanafunzi wake na leo dunia nzima ukisema picha za Tanzania watu wanaona Tingatinga. Ile hali ya kukosa vitu imo ndani ya uzuri wenyewe, huwezi kuitoa picha ikabaki ileile.

Au angalia kisutu, ile kanga ya maharusi. Nyekundu, nyeusi, nyeupe, basi. Bibi zetu wameolewa na kisutu, mama zetu wameolewa na kisutu, na wiki hii kuna binti mahali atafunikwa kisutu. Rangi tatu.

Kwa hiyo saivi kabla sijachora nakata karatasi kwa vipimo halisi kama inawezekana, naandika pembeni rangi mbili, wiki mbili, laki tatu, au chochote kile, naibandika ukutani mbele yangu. Ukuta wangu ukiwa hauna hiyo karatasi ujue bado sijaanza.

Mji sasa, yani kuchora kwenyewe. Hapa sina mengi, kila mtu ana mkono wake. Mi nachora kwa penseli viboksi vidogo kama kiberiti, ishirini, kwenye ukurasa mmoja, harakaharaka, na siruhusu mkono usimame. Vile vya mwanzo kama saba nane vinakuwa vya watu, nikiviangalia najua hiki nilikiona kwenye simu, hiki cha kampuni fulani. Sigombani navyo, natoa vitoke. Kuanzia kile cha kumi hivi ndo naanza kukutana na cha kwangu. Ndo maana simu naiweka chumba kingine mpaka viboksi vifike ishirini. Kuangalia kazi za wengine naangalia, tena sana, ila naangalia siku ambazo sina kazi, ukiangalia ukiwa katikati ya kazi mkono wako unakuwa mvivu unakopa. Na hizi programu za siku hizi za kuchora zenyewe ukizipa maneno, zitumie ukitaka, lakini nazo zinakuomba maneno, na kama huna jina utazipa yale maneno ambayo kila mtu anazipa na zitakurudishia kile ambacho kila mtu anacho.

Halafu nalala. Kazi nailaza usiku mmoja angalau, siigusi. Zamani nilikuwa nadhani ni uvivu wangu, baadaye nikasoma kuhusu Mwingereza mmoja, Graham Wallas, aliyeandika mwaka 1926 kwamba fikra mpya inapita hatua nne, unajiandaa, unaiacha iatamie kama kuku na mayai, inaanguliwa, halafu unaikagua. Nikafurahi kuona kumbe kuna mtu alishaliona. Ila sikuwahi kuweza kuzifuata hatua za mtu kama zilivyo, nilijaribu, kuna mwaka nilijaza ukuta vikaratasi vya njano kama nilivyoona kwa wazungu kwenye video, nikawa natumia muda mwingi kupanga vikaratasi kuliko kazi. Kinachokufaa wewe utakiona kwenye kazi zako.

Kuvaa. Hili ndo bibi alinipa na naona ndo la thamani kuliko yote. Kazi haijaisha mpaka imevaliwa. Bango la zahanati nikimaliza naliprinti hata kwa vipande, nalibandika pale litakapokaa, napiga hatua nne nyuma, nambeba mtoto wa jirani mgongoni, ndio, nambeba kabisa, maana atakayelisoma kabeba mtoto na mtoto analia. Mara ya kwanza kufanya hivo niligundua kwamba saa za kliniki, ambalo ndo jambo analolitafuta mama, nilikuwa nimeziandika chini kulia kwa herufi ndogo na pale chini kuna benchi, watu wakikaa wanaziba. Kwenye kompyuta benchi halipo. Lebo ya asali niliipeleka dukani kwa Mangi mtaani kwetu, nikamuomba aipange kwenye shelfu lake, na duka lake lina taa moja tu na nondo mbele, wewe mnunuzi unaangalia ukiwa nje. Ile dhahabu yangu niliyoipenda ikawa rangi ya tope. Nikabadilisha pale pale. Kama unafanya kibao cha duka, panda daladala pita nacho, hesabu una sekunde ngapi mpaka kiko nyuma yako.

Na usivae peke yako, mpe mtu avae, mtu ambaye hajui dizaini na hana haja ya kukufurahisha. Wale akina mama waliosifu pale chini ya mwembe hawakuwa waongo, waliitandika chini wakaitazama kama picha, na kama picha ilikuwa nzuri. Bibi peke yake ndo aliitumia. Tafuta bibi wako. Mi mpaka leo kila kazi kubwa kuna watu watatu nawapelekea, mmoja fundi viatu, mmoja mwalimu wa shule ya msingi, mmoja binti wa miaka kumi na tano, na siwaulizi mnaonaje, kwa sababu ukimuuliza mtu anaonaje atakwambia nzuri. Nampa mkononi nanyamaza naangalia anafanya nini nacho.

Kitu kingine kilichonisaidia ni kaunta buku. Kila kazi ikiisha naandika ukurasa mmoja, tarehe niliyoanza, tarehe niliyomaliza, jina lilikuwa nini, lilitoka kwa nani, nilikwama wapi, nilikwamuka vipi. Sio shajara, mistari kumi tu. Kama mwaka mmoja na nusu baadaye nilikaa nikazisoma zote mfululizo na nikaona vitu ambavyo nisingeviamini. Niliona kwamba karibu kila nilipoandika nimekwamuka, nilikuwa natembea au niko kwenye daladala, hakuna hata mara moja nilipokwamuka usiku wa manane mbele ya kompyuta. Hata mara moja! Miaka sita najiumiza kukesha, kumbe kukesha hakujawahi kunipa kitu. Nikaacha. Saa nne usiku nafunga. Nikaona pia kwamba kazi zilizochelewa zote ni zile ambazo sikumuonesha mteja sentensi kwanza, kwa hiyo saivi kabla ya mchoro wowote namtumia mteja jina peke yake, namwambia hii ndo kazi yetu, tukubaliane hapa. Akikubali, mabadiliko yanapungua sana, na hata akisema badilisha tunarudi kwenye sentensi, hatubishani kuhusu anachopenda yeye na ninachopenda mimi.

Lakini hivo ni mimi. Wewe labda usiku ndo wako kweli, labda unafikiri kwa kuongea, labda kwako mchoro unatangulia maneno na hakuna ubaya. Nimeongea na dizaina mmoja wa Zanzibar anaanza na rangi, anachukua rangi tano sokoni, vitambaa, maganda, anakaa nazo siku mbili bila kujua ni za nini, na kazi zake ni nzuri kuliko zangu. Ila na yeye anajua kwamba ndo anavyofanya, na siku asiyojisikia anaenda sokoni hivohivo.

Wengi wenu hapa najua mna hali ngumu, mteja anataka logo kwa elfu ishirini na anaitaka leo, nawaelewa, mi nimepita hapo, na huwezi kumpelekea mteja wa elfu ishirini siku saba za kukaa chini ya mwembe. Ila dakika kumi unazo. Muulize maswali matatu kwa sauti ya WhatsApp, andika sentensi moja, chora viboksi sita badala ya ishirini, ibandike mlangoni uitazame toka nje. Nimefanya hivo kwa kadi za harusi za haraka na imetosha.

Nani anayo kanga? Naona imefika kule nyuma, sawa, ikae hukohuko kwanza. Pale mlangoni kuna karatasi za A3 na penseli, na kila meza ina selotepu. Naomba mkae wawiliwawili na mtu usiyemjua. Mmoja amuulize mwenzake kuhusu mtu mmoja aliyemlea, dakika kumi, anayeuliza asiongee kitu kingine zaidi ya kuuliza, na aandike maneno kama yalivyotamkwa. Mkishapata mstari mmoja wenye herufi zisizozidi thelathini na tano mniite, nipo, napita kila meza. Penseli zikiisha semeni, zipo nyingine kwenye mfuko wangu.